Ijumaa Niliyoizima Wajir

Siku ile mliponiaga pale ofisini, mkiikata keki vipande vyembamba utadhani imekopwa, mmoja wenu aliniuliza ni kosa gani kubwa zaidi nililowahi kufanya kwenye kazi hii. Nikawapa kile kisa cha panya aliyetafuna kebo kule Dadaab. Mkacheka, tukapiga picha, nikapanda basi langu nikaenda nyumbani Voi. Sasa niseme ukweli: hicho hakikuwa kisa chenyewe. Panya yule hakuninyima usingizi hata usiku mmoja.

Kisa chenyewe nimekaa nacho tangu miaka ya tisini, na nimeamua kuwaandikia nyinyi mafundi vijana kwa sababu mtakielewa bila kutafsiriwa. Mwenye kupitia hapa kwa bahati naye asiogope. Ruta ni kisanduku kinachoamua ujumbe upite njia gani kutoka ofisi moja hadi nyingine. Siku zile haikuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Unakaa mbele ya kioo cheusi, unaandika amri kwa maneno, unabonyeza, nayo inatii. Inatii hata ukiwa mjinga, na hapo ndipo shida zote za kazi yetu zinapoanzia.

Mimi nilipelekwa Garissa na shirika moja la misaada nikiwa na miaka ishirini na sita, na diploma ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri, na mdomo mrefu kuliko diploma. Ofisi ilikuwa kando ya njia ya kwenda soko la mifugo. Siku za soko vumbi liliingia kila mahali, likaingia kwenye chai, likaingia kwenye feni ya ruta. Nilijifunza kuifungua ile feni kila asubuhi na kuipangusa kwa brashi ya rangi, na kutundika magunia yaliyolowa dirishani ili chumba kipoe. Hayo hayakuwa kwenye mtaala wa Nairobi. Nyinyi mkiona joto limepanda mnaandika barua ya kuomba kiyoyozi, halafu mnasubiri.

Aliyenifundisha kulowesha magunia alikuwa Adeer Gedi. Adeer kwa Kisomali ni baba mdogo, na ndivyo vijana wote wa ofisi tulivyomwita. Kwao ni Diff, kule Wajir Kusini, mpakani kabisa na Somalia. Alikuwa ametumia miaka mingi akiendesha redio za mawimbi mafupi kabla madishi ya setilaiti hayajaja. Ruta alijifunza mwenyewe, kutoka kitabu kinene cha Kiingereza alichokisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa. Hakuwa na cheti hata kimoja. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi, na subira ambayo mimi sikuwahi kuipata mpaka leo.

Wiki yangu ya kwanza niliamuru ruta ijizime na kujiwasha upya, nikidhani niko ndani ya ruta ya Wajir, kumbe niko kwenye yetu. Ofisi nzima ilikatika, na barua ya meneja ikiwa katikati ya njia. Adeer Gedi hakunikemea. Alinimiminia chai ya maziwa ya ngamia, akakaa, akaniuliza kwa upole kabisa, akiniita dada kwa Kisomali, "Abaayo, habari ya Wajir?" Tangu siku hiyo alinilazimisha kusoma kwa sauti jina la ruta kabla ya kubonyeza. Nilifanya hivyo miaka yote, hata nilipohamia benki, na pale benki walidhani ninasali.

Alikuwa na sheria nyingine mbili. Ya kwanza, kila kazi kwenye ruta ichapishwe. Tulikuwa na printa ya sindano iliyolia mpaka jino likauma, na kila amri uliyoandika ilitoka kwenye karatasi, ukaichana, ukaiweka kwenye faili la kijani. Ya pili, usiiguse ruta ya mbali kabla hujaitegea saa. Unaiambia kwanza, baada ya dakika kumi na tano jizime ujiwashe. Ukifanya kosa ukajikata mwenyewe, unakaa unangoja, inajiwasha na mipangilio ya zamani iliyohifadhiwa, na umesamehewa. Mambo yakienda sawa unafuta saa, unahifadhi, basi. Mitambo yenu ya leo inajirudisha yenyewe ukikosea, ndiyo maana mna ujasiri ule wa kijinga.

Orodha za ruhusa alinieleza kwa visima vya Wajir. Kwenye ruta unaandika orodha ya nani apite, mstari kwa mstari, na ruta huisoma kuanzia juu. Asiyetajwa mpaka mwisho wa orodha anakataliwa, hata kama hakuna mstari uliosema akataliwe. Adeer alisema kisimani ni hivyo hivyo, watu wanakunywesha mifugo kwa zamu zilizopangwa, na ambaye jina lake halimo kwenye zamu atasimama na ng'ombe wake hapo mpaka jua lizame. Mimi nikasema nimeelewa. Nilikuwa hodari sana wa kusema nimeelewa.

Mwaka wa ile mvua kubwa, barabara zilipokatika na Tana ikapanda mpaka mashambani, mkuu wetu wa mitambo alikuja kutoka Nairobi. Tulimwita Injinia. Alituketisha, akasema mawasiliano ya Wajir yamekatika mara mbili kwa mikono ya watu wa Garissa, na kwamba ikitokea mara ya tatu, mtu mmoja ataenda nyumbani. Alisema mtu mmoja, lakini macho yake yalikuwa kwa Adeer Gedi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mimi nilikuwa na karatasi ya chuo, yeye alikuwa na ujuzi tu, na ujuzi hauingii kwenye faili la wafanyakazi.

Kazi ile ndiyo iliyompa nyumba ya shirika pale Garissa, na nyumba ile ndiyo iliyowaweka mabinti zake wawili shuleni. Habiba, mkubwa, alikuwa kidato cha tatu. Wakirudi Diff, sekondari haipo. Adeer hakulizungumzia hilo, ila nilimwona akianza kukagua kila kitu mara tatu, hata vitu alivyokuwa amevifanya kwa miaka macho yakiwa yamefumba. Alikuwa na hofu, na mimi nilimhurumia. Kumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Basi ikaja barua pepe kutoka Nairobi. Ruta zote zifungwe huduma zisizo na kazi, na mwisho ni jioni ya Ijumaa. Ruta za zamani zilikuja na vijihuduma vingi vimeshawashwa: kimoja kinamwambia yeyote anayeuliza ni nani yumo ndani, kingine kinakurudishia chochote unachokituma, kingine kinakupa saa. Wahuni walikuwa wameanza kuvitumia kama madirisha ya kuingilia. Unaingia, unaandika neno la kukataa na jina la huduma, moja baada ya nyingine. Ya Garissa na ya Dadaab tulizifanya pamoja Alhamisi. Ikabaki Wajir, na Wajir ilikuwa pia na mstari mmoja wa orodha wa kubadilisha.

Ijumaa, saa sita na robo, Adeer alivaa koti lake juu ya kikoi, akachukua bakora yake. Alisimama mlangoni.

"Abaayo, Wajir usiguse mbaka mimi nirudi. Sisi tutafanya bamoja, bolebole."

Nikasema sawa, Adeer. Akaenda msikitini, na wengine wote wakaenda, na mimi Mtaita Mkristo nikabaki na feni.

Nilikaa dakika kumi. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, apumue. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka kujionyesha, maana nilikuwa nimechoka kuitwa msichana wa kupangusa feni. Tangu kosa langu la wiki ya kwanza, uwezo wa kubadilisha ruta ulikuwa kwa jina lake tu, jina langu liliruhusiwa kutazama. Neno lake la siri alikuwa amenipa mwenyewe, kwa kuniamini. Nikaingia Wajir kwa jina la Gedi.

Nikasoma jina la ruta kwa sauti. Printa nikaiwasha. Saa sikuitega. Nilijiambia ni huduma nne na mstari mmoja, na kwamba kuitega saa halafu kuifuta ni kujichelewesha bure. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimeambiwa na mkuu dakika kumi tu zilizopita.

Huduma zilifungika vizuri, zote nne. Nikafika kwenye orodha. Nikaandika amri ya kufuta ule mstari mmoja, nikabonyeza, nikatazama. Orodha yote ilikuwa imekwenda. Ruta ya wakati ule, ukiiomba ifute mstari mmoja wa orodha, ilifuta orodha nzima na haikusema neno. Nilikuwa nimefundishwa jambo hilo. Nililijua.

Hata hapo mambo hayakuwa yameharibika, maana bila orodha kila kitu kilikuwa kinapita. Ningeacha tu, nikunje mikono, nimngoje. Badala yake nikaanza kuiandika upya haraka, kabla hajarudi. Mstari wa kwanza uliiruhusu mashine moja ya Nairobi, ile iliyokusanya kumbukumbu za ruta zote. Nikabonyeza. Sasa orodha ilikuwa na jina moja, na kila asiyetajwa alikataliwa: barua za Wajir, barua za Nairobi, na mimi niliyekuwa naandika. Kioo kikasimama. Nikabonyeza tena, nikabonyeza mara ya tatu kwa nguvu. Hakikurudi. Saa ukutani ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

Nilihangaika na kibodi dakika tano, ndipo nikakimbilia redio. Kitu kimoja tu kingeiokoa Wajir: mtu aende pale aichomoe ruta kwenye umeme na kuichomeka tena, ijiwashe na mipangilio ya zamani. Nikaita, Wajir, Wajir, hapa Garissa, ova. Kimya. Nikaita tena. Ilikuwa Ijumaa, saa ya swala, na ofisi ya Wajir haikuwa na mtu. Niliita kila baada ya dakika mbili kwa karibu saa nzima, na katikati nilikuwa narudi kwenye kibodi kubonyeza, kana kwamba ruta ingenionea huruma.

Saa saba na dakika arobaini Halima akajibu. Halima ndiye aliyeendesha redio na barua pepe za Wajir, na alikuwa ametoka kwake baada ya chakula. Nilimwambia nikiwa karibu kulia aende chumba cha mitambo achomoe ile waya. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa bado msikitini. Dakika ishirini nyingine. Saa nane na dakika tano nikaona taa ya Wajir imerudi. Niliingia ndani, nikakuta kila kitu kama kilivyokuwa asubuhi. Nilicheka peke yangu. Nikanawa uso, nikachana karatasi ya printa, nikaiweka kwenye faili la kijani, maana mkono ulikuwa umezoea hivyo.

Ndipo Halima akaita tena. Aliuliza kama ule ujumbe wake wa kabla ya swala umefika Nairobi, ule wa Diff.

Nilimuuliza ujumbe gani. Akaniambia Diff walikuwa wameita kwa redio alipokuwa anajiandaa kufunga ofisi, kwamba uwanja wao wa ndege umejaa maji, ndege ya dawa isije. Alikuwa ameuandika kwa barua pepe, maana habari za ndege Nairobi walizitaka kwa maandishi, akautuma saa sita na dakika arobaini na mbili, akafunga ofisi, akaenda nyumbani. Dakika mbili baada yangu. Ujumbe ulikuwa umekaa ndani ya kompyuta yake muda huo wote ukingoja njia.

Nikaita Nairobi. Walisema ndege iliruka saa saba kamili. Walijaribu kumpata rubani, nami nikawa nasikia sauti ikimwita, na mvumo, na sauti tena. Kisha kwenye mawimbi yale yale akaingia mwendesha redio wa Diff, kijana aliyekuwa amesimama dirishani na kipaza cha redio yake mkononi, akieleza anachokiona. Ndege imefika. Inazunguka. Inazunguka mara ya pili. Imeshuka chini. Niliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Imekwama," akasema. "Matobe imeshika guruduma. Rubani ametoka. Anatembea."

Niligeuka, nikamkuta Adeer Gedi amesimama nyuma yangu na koti lake. Diff ni kwao. Alikuwa ameingia wakati ndege ikizunguka. Aliniuliza ni watu wangapi walikuwa ndani, nikamwambia rubani peke yake. Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi. Kisha akaenda kwenye meza yake, akavuta faili la kijani, akaketi nalo. Nilimwona. Nilijiambia anatafuta kitu kingine.

Rubani alishonwa paji la uso. Panga la mbele la ndege lilipinda. Maboksi ya dawa yalibebwa na punda kutoka matopeni mpaka zahanati, na mengine yalilowa. Hakuna aliyekufa, na nimemshukuru Mungu kwa hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini Nairobi walitaka jina.

Jumatatu Injinia akashuka. Alikuwa na karatasi kutoka kwenye ile mashine ya kukusanya kumbukumbu, ile ile niliyoiruhusu mimi kwenye mstari wangu wa kwanza. Ilisema kwamba Ijumaa, saa sita na dakika arobaini, mipangilio ya Wajir ilibadilishwa na Gedi. Tulikuwa watatu chumbani, yeye upande mmoja wa meza, sisi wawili upande wa pili. Adeer alikuwa na faili la kijani juu ya magoti.

Injinia alitusomea karatasi, akauliza ni nani aliyefanya hivi.

"Ni sisi," Adeer akasema.

Hapa lazima niwaeleze, kwa sababu Injinia hakujua na mimi nilijua. Kwa watu wa Adeer, mmoja akikosa, haendi peke yake mbele ya waliokosewa. Wazee wa ukoo wanaingia naye, na neno la kwanza wanalosema ni kwamba ni sisi. Kosa linakuwa la wote. Mkosaji anakaa katikati yao, mabega ya watu huku na huku, na hapo ndipo anaposema lake, kwa kuwa sasa anaweza. Alikuwa amenieleza mwenyewe, siku moja tukingoja jenereta ipoe. Aliposema ni sisi aligeuka akanitazama. Hakunikazia macho. Alinitazama tu, akangoja.

"Mimi sitaki sisi," Injinia akasema. "Nataka mtu."

Adeer aliendelea kungoja. Feni ilizunguka. Mimi nilikuwa nalitazama faili. Ndani yake kulikuwa na karatasi yangu ya Ijumaa, na yeyote kati yenu angeitazama kutoka mlangoni angejua si ya Gedi. Mimi nilikuwa nafupisha kila amri, herufi tatu, herufi nne, kama nyinyi mnavyofanya. Yeye aliandika kila neno mpaka herufi yake ya mwisho, maana alijifunza kwa kamusi na hakuyaamini maneno yaliyokatwa. Kurasa zake zote zilikuwa hivyo, mamia. Angelifungua lile faili akaweka karatasi mbili kando kwa kando, na mambo yangekwisha kwa dakika moja. Injinia hakuliomba. Alikuwa na jina tayari.

Nilinyamaza.

Nimejiambia mengi tangu siku ile. Kwamba mama yangu alikuwa mgonjwa Voi, na alikuwa akinitegemea. Kwamba walikuwa wameshasema kazi hii si ya wanawake, na ningekuwa nimewapa ushahidi. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa kichwani mwangu dakika ile. Kichwani kulikuwa na woga mtupu. Niliogopa, nikaangalia chini, nikaona viatu vyangu vina vumbi.

"Mimi ndio mkubwa hapa," Adeer akasema mwishowe. "Andika mimi."

Injinia akaandika.

Alasiri ile ile Adeer alinikabidhi funguo. Alinionyesha pale anapoficha kebo ya akiba, na ile waya ya jenereta inayohitaji kubanwa kila wiki. Hakuniambia neno lingine, na mimi sikumwambia. Mwisho wa mwezi lori lilipakia vitanda na masanduku ya nyumba yake. Habiba alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, begi la shule mapajani. Alinipungia mkono, kwa kuwa hakuwa anajua lolote.

Mimi nikapewa meza yake. Baadaye nikapewa Wajir na Dadaab, baadaye mshahara wa Nairobi, baadaye benki. Nimefundisha mafundi wengi, nyinyi mkiwamo. Soma jina, chapisha kazi, tega saa. Mlikuwa mnaziita sheria za Mama Wakesho, na nikawaacha mziite hivyo.

Miaka mitatu baada ya mkutano ule nilikutana naye kwenye soko la mifugo la Garissa. Alikuwa ameleta ng'ombe. Tulisalimiana kwa urefu unaotakiwa, afya, watoto, mvua, malisho, amani ya njiani. Habiba alikuwa amepoteza mwaka mzima kabla hajapata shule Wajir, lakini alikuwa amemaliza. Mimi sikuweza tena kujizuia. Nikasema, Adeer, ile Ijumaa ni mimi.

"Najua," akasema. "Karatasi yako nilisoma siku ile ile."

Nililia pale mbele ya wachuuzi. Hakunibembeleza. Aliniambia kwa utulivu kwamba alikuwa na hasira na mimi mwaka mzima, si kwa sababu ya ruta, kila mtu hukosea ruta, bali kwa sababu alinifungulia nafasi nikakataa kuingia. Kisha mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema kile watu wanachokisema wakitaka kusamehewa haraka. Nikamwambia akitaka nitawaandikia Nairobi niwaeleze ukweli. Nilisema hivyo nikingoja aniambie achana nayo, Mungu ameshapitisha.

Adeer aliifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Andika," akasema.

Nikamwambia nitaandika. Sikuandika. Kwanza nilingoja nithibitishwe kazini, halafu nilingoja mama apone, halafu Injinia akastaafu, halafu akafariki, halafu shirika likafunga ofisi zake na hapakuwa tena na wa kumwandikia. Unaona jinsi mtu anavyoweza kungoja.

Mwezi uliopita Habiba alinipigia simu. Siku hizi ni mwalimu Wajir. Alisema baba yake yuko Diff, mzima, ila macho yamefifia na anasomewa kila kitu. Tukasalimiana, tukacheka kidogo. Mwisho akasema baba amemwagiza aniulize kama ile barua nimeshaandika. Yeye hajui ni barua gani, ameniuliza kama alivyoagizwa.

Basi nawaandikia nyinyi, kwa kuwa wa kuandikiwa wengine wamekwisha, na nakala namtumia Habiba amsomee polepole, neno kwa neno, bila kufupisha. Ijumaa ile, saa sita na dakika arobaini, aliyeandika amri kwenye ruta ya Wajir kwa jina la Gedi ni mimi, Dorcas Wakesho. Gedi alikuwa msikitini.